Mtakatifu Columba na Kitabu cha Kuazima

Swali la juma hili limezaliwa na mambo mapya ya dunia, lakini jibu lake twaweza kulitafuta katika maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Siku hizi kitabu chaweza kusomwa pasipo karatasi. Kijana wa Kibaha au wa Kisarawe mwenye simu aweza kuazima kitabu cha kielektroniki katika maktaba iliyo mbali, hata ng'ambo, akakisoma chini ya mkorosho nyumbani kwao. Baada ya sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika katika kazi ile waligawiwa walimu, na hivyo hata katika shule za vijijini watu wamezoea kusoma katika kioo. Lakini kitabu cha kuazima cha namna hiyo huja na kufuli lake. Siku za kuazima zikiisha, mara nyingi majuma mawili au matatu, chajifunga chenyewe, na msomaji hawezi tena kukifungua. Na kwa kuwa penye kufuli hapakosi mwenye kulitegua, zipo programu za kuliondoa, hata kitabu cha kuazima kikabaki kwa aliyekiazima siku zote, naye akaweza kuwagawia rafiki zake kumi au mia.

Je, kufanya hivyo ni wizi, au ni werevu tu? Wako wasemao kwamba hakuna aliyepungukiwa kitu, maana kitabu cha maktaba kimebaki palepale kilipokuwa. Wako wasemao kwamba elimu ni ya Mungu na haifai kufungiwa. Wazazi wengi, wasiojua hata kufuli hilo likoje, hukosa neno la kuwajibu watoto wao. Basi na tumtazame Mtakatifu Columba, ambaye shauri lake juu ya kitabu cha kuazima lafanana sana na letu.

Columba alizaliwa tarehe 7 Desemba mwaka 521, kama wazee wa kwao walivyopokezana, mahali paitwapo Gartan, kaskazini ya Ireland. Alikuwa wa ukoo wa kifalme, na kama angalipenda angaliweza kushika utawala. Badala yake alijitoa kwa Mungu tangu ujana wake. Watu wakamwita Colum Cille, maana yake njiwa wa Kanisa. Hata hivyo wale waliomjua vema walisema kwamba ndani ya njiwa huyo mlikuwa na moyo wa simba: alikuwa mrefu, mwenye sauti kuu, mwepesi wa hasira, na mkaidi anapoona ameonewa. Alisoma kwa walimu wakubwa wa wakati ule, na mmojawapo alikuwa Finnian, abate wa Moville. Akapewa upadre, akaanzisha monasteri, ya Derry na ya Durrow zikiwa miongoni mwa hizo.

Watu wa Kisarawe hawahitaji kuelezwa sana mmonaki ni mtu wa namna gani, kwa kuwa milima ya Pugu iliyopakana nao ndiyo iliyowapokea Wabenediktini mwaka 1888. Lakini yafaa kukumbusha kazi moja ya wamonaki wa kale, nayo ni kunakili vitabu. Katika siku za Columba hapakuwa na mtambo wa kupigia chapa. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, tena juu ya ngozi za ndama zilizolainishwa, na kitabu kimoja kilihitaji ngozi za wanyama wengi na kazi ya miezi mingi. Kwa hiyo kitabu kilikuwa mali kubwa. Monasteri yenye kitabu kizuri ilipata sifa, na wanafunzi wakaja kutoka mbali.

Columba alipenda vitabu kupita kiasi. Yasimuliwa kwamba Finnian alikuwa na kitabu kipya cha Zaburi, katika tafsiri iliyosahihishwa na Mtakatifu Yeronimo, ambacho hakikupatikana mahali pengine katika nchi ile. Columba akaomba kukisoma, akaruhusiwa. Lakini hakutosheka na kusoma. Usiku, wenzake walipokwisha kulala, alibaki kanisani akakinakili kwa siri, ukurasa baada ya ukurasa. Wasimulizi waliongeza maajabu: kwamba vidole vyake viling'aa kama taa ili apate kuona, na kwamba kijana aliyetumwa kumchungulia mlangoni alidonolewa jicho na ndege aina ya korongo. Maajabu hayo tuwaachie wasimulizi. Jambo lenyewe ni wazi: kazi ilipokwisha, Finnian alipata habari, akadai apewe nakala pamoja na kitabu chake. Columba akakataa.

Shauri likapelekwa mbele ya mfalme mkuu Diarmait, aliyetawala Tara. Columba alijitetea kwamba kitabu cha Finnian hakikupungua hata herufi moja kwa sababu ya kunakiliwa, wala si haki maneno ya Mungu yafichwe na kuzuiwa yasiwafikie watu. Finnian alisema kwamba kitabu ni chake, na hakuna aliyempa ruhusa ya kutoa nakala. Mfalme akakata shauri kwa mfano wa mifugo. Alisema kwamba kama vile ndama alivyo wa mwenye ng'ombe, vivyo hivyo nakala ni ya mwenye kitabu. Columba akashindwa.

Hapo ndipo mabaya yalipoanza. Columba hakukubali hukumu. Wakati huohuo mfalme alimkamata kijana mmoja wa ukoo mkubwa aliyekimbilia ulinzi wa Columba, akamwua, jambo lililokuwa tusi kubwa kwa mtu wa Kanisa. Columba akawaendea ndugu zake wa ukoo wa kaskazini, nao wakachukua silaha. Yapata mwaka 561 majeshi yalikutana mahali paitwapo Cúl Dreimhne, na mapokeo yasema kwamba watu 3,000 waliuawa. Upande wa Columba ulishinda. Lakini ushindi gani huo, wa padre aliyepata kitabu cha Zaburi na kuacha wajane na yatima nyuma yake!

Sinodi ikakutana ikamtenga Columba na Kanisa. Baadaye, kwa kuombewa na Mtakatifu Brendan wa Birr, adhabu hiyo ikaondolewa. Ila dhamiri yake haikutulia. Yasemwa kwamba muungamishi wake alimpa kitubio cha kuondoka katika nchi aliyoipenda na kumletea Kristo roho za watu wengi kama wale waliokufa vitani. Mwaka 563, akiwa na umri wa miaka 42 hivi, alipanda chombo cha ngozi pamoja na wenzake 12, akavuka bahari hadi kisiwa kidogo cha Iona, magharibi ya Uskoti.

Kisiwa hicho, chenye urefu wa kilometa 5 tu, kikawa taa ya nchi nyingi. Kutoka huko Columba na wamonaki wake walikwenda kuhubiri kwa Wapikti, hata kwa mfalme wao Bridei. Aliyekuwa amewasha vita akawa mpatanishi wa wafalme. Na kazi ya kunakili vitabu hakuiacha. Mapokeo yamhesabia vitabu 300 alivyoviandika kwa mkono wake. Tofauti yake na kile cha kwanza ni hii: hivi aliviandika mchana, mbele ya wote, kwa faida ya monasteri zilizovihitaji. Siku moja kabla ya kufariki alikuwa akinakili tena Zaburi. Alipofika katika Zaburi ya 34, pale panapowaahidi wamtafutao Bwana kwamba hawatakosa jema lolote, aliweka kalamu chini, akamwagiza Baithéne aandike yanayofuata. Akafariki usiku ule kanisani, tarehe 9 Juni mwaka 597.

Yatupasa kusema kweli juu ya habari hii. Adomnán, abate wa Iona aliyeandika maisha ya Columba yapata miaka 100 baada ya kifo chake, ataja vita na kutengwa kwake, lakini hataji kitabu cha Finnian. Habari ya kitabu kwa ukamilifu wake twaipata katika maisha mengine yaliyotungwa mwaka 1532. Basi si kila sehemu yake yaweza kuthibitishwa. Lakini kwa kuwa watu wameisimulia kwa karne nyingi kama kielelezo cha shauri gumu, nasi twaweza kuipima kwa akili zetu.

Je, mfalme alihukumu sawa? Mfano wake wa ng'ombe ni wa karibu kwetu kuliko kwa Wazungu wa leo. Wafugaji wengi wa nchi hii wanaijua desturi ya kumkabidhi mwenzao ng'ombe amtunze. Mtunzaji hukamua maziwa, akanywa yeye na watoto wake, na samadi akatia shambani. Bali ndama ni wa mwenye ng'ombe, isipokuwa wamepatana vingine. Pwani nako, mtu aliyeazimwa shamba hupanda mihogo, mpunga na kunde, akavuna na kushukuru. Hapandi minazi wala mikorosho, kwa maana mti wa kudumu hugeuza shamba la kuazima kuwa la kudaiwa, na ugomvi wake hurithiwa na wajukuu.

Basi kusoma ni maziwa. Mtu aliyekisoma kitabu akakielewa, hakuna awezaye kumdai elimu iliyoingia kichwani mwake, wala maelezo aliyojiandikia katika daftari. Hayo ndiyo aliyoazimwa ayapate. Lakini nakala nzima ya kudumu ni ndama, ni mnazi uliopandwa katika shamba la mwingine. Kusema kwamba ng'ombe bado yupo zizini hakutoshi, maana haki ya mwenye ng'ombe haikuwa juu ya ng'ombe peke yake.

Hata hivyo mfalme hakuyaona yote. Finnian hakuzitunga Zaburi, wala mtunzi wake hakuwa akingoja malipo ya nakala. Columba alikuwa na hoja aliposema kwamba maneno ya Mungu si mali ya kufungiwa sandukuni. Hapo shauri letu la leo latofautiana na lake. Kitabu cha kuazima cha siku hizi mara nyingi kina mtunzi aliye hai, ambaye alikesha, akalipa karo za watoto kwa tumaini la kukiuza. Na maktaba haikipati bure. Kwa kawaida haikinunui kama kitabu cha karatasi, bali hulipia ruhusa ya kukiazimisha kwa muda au kwa idadi fulani ya mara. Mwaka 2011, kwa mfano, wachapishaji HarperCollins walitangaza kwamba kitabu chao cha kielektroniki kingeazimishwa mara 26 tu, kisha maktaba ilipie upya. Kufuli ndilo lishikalo mapatano hayo. Mwenye kuliondoa ili kitabu kiwe chake, avunja ahadi aliyoiweka yeye mwenyewe alipoazima, na avunja pia ahadi ambayo maktaba iliiweka kwa niaba yake. Wachapishaji wakiona makufuli yanateguliwa, watapandisha bei au watakataa kabisa kuziazimisha maktaba. Wa kwanza kukosa hatakuwa tajiri awezaye kununua, bali mwanafunzi wa Kisarawe asiye na kitu ila hiyo simu.

Sheria nazo zimesema. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa mwaka 1996 uliziagiza nchi zilizoukubali kuyalinda makufuli ya namna hii, na Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1998. Hapa kwetu iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo COSOTA huisimamia. Lakini hata pasipo askari, amri ya saba yatosha. Yatukataza kuchukua au kubaki na kitu cha mwenzetu kinyume cha mapenzi yake ya haki, na kitu cha amana hakibadiliki kuwa chetu kwa sababu mwenyewe yuko mbali na hatuoni.

Twasema mapenzi ya haki, kwa sababu mwenye mali naye ana wajibu. Itazameni nakala yenyewe. Kiko Dublin, katika Chuo cha Kifalme cha Ireland, kitabu cha kale cha Zaburi kiitwacho Cathach, yaani mpiganaji, ambacho mapokeo yasema ndicho alichonakili Columba. Watu wa ukoo wake walikitia katika sanduku la thamani lililotengenezwa katika karne ya 11, wakawa wanakizungusha mbele ya jeshi lao kabla ya vita ili washinde. Kufungua sanduku kulikatazwa. Lilipofunguliwa mwaka 1813, kurasa zilikuwa zimeshikamana kwa unyevu kama mkate, na sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuoza. Zimesalia kurasa 58 za ngozi. Kitabu kilichopiganiwa ili kisomwe kikafungiwa hata kisiweze kusomwa. Kufuli lisilojua huruma huharibu kile lilichowekwa kukilinda.

Kwa hiyo tusiwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Kipofu aliyeazima kitabu, na kufuli likaizuia simu yake isimsomee kwa sauti, si sawa na mtu anayejikusanyia vitabu mia asivyovilipia. Dunia imelitambua jambo hilo, na mwaka 2013 ulifanywa Mkataba wa Marrakesh kwa ajili ya vipofu na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Mkataba huo wazitaka nchi zihakikishe kwamba ulinzi wa makufuli hauwanyimi watu hao haki yao. Kadhalika yule ambaye kishikwambi chake hakiwezi kufungua kitabu alichokiazima kihalali, akatafuta njia ya kukisoma katika siku zake alizopewa na kukifuta zikiisha, hakumnyang'anya mtunzi kitu. Lakini naye afanye kwanza alilokosa kufanya Columba: aende kwa mwenyewe aseme. Wakutubi wengi hufurahi kuombwa, na mara nyingi huwa na njia.

Na maskini je? Walimu wa Kanisa hufundisha kwamba mwenye njaa ya kufa atwaaye mkate si mwizi, kwa kuwa katika dhiki ya mwisho mali ya dunia ni ya kuokoa uhai. Je, kitabu ni mkate? Kitabu cha tiba kwa mganga wa zahanati aliye mbele ya mgonjwa mahututi chaweza kuwa hivyo. Riwaya haiwi. Hata kitabu cha mtihani ni vigumu kukiita hivyo, maadamu njia nyingine zipo. Nazo zipo: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni visomwe bure, vitabu vya watunzi waliofariki zamani, ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha, vyaweza kunakiliwa na kila mtu, na kitabu cha maktaba chaweza kuazimwa mara ya pili na ya tatu. Umaskini watupa sababu ya kudai maktaba bora. Hautupi ruhusa ya kuwadhulumu watunzi, ambao wengi wao katika nchi yetu ni maskini vilevile.

Kwa hiyo dai hilo lielekezwe panapostahili. Watu wa Kibaha wanayo kumbukumbu ya kituo cha elimu kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, kikakabidhiwa mikononi mwa Tanzania mwaka 1970. Watu wa Kisarawe wanayo Minaki, ambako chuo cha Waanglikana kilihamia kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925. Katika mahali pote pawili elimu iliwafikia wengi kwa sababu watu walikaa wakapatana, wakatoa, wakajenga. Halmashauri, shule na parokia zaweza kuungana hata leo zikalipia ruhusa ya vitabu vinavyohitajiwa na vijana wao. Wachapishaji nao wapunguze masharti kwa maktaba za nchi maskini, wasije wakafanana na sanduku lile la Cathach.

Wazazi, mtoto wenu akiwaonyesha kitabu alichokiondolea kufuli, msianze na ukali. Mwulizeni maswali matatu: Alipoazima aliahidi nini? Kuna mtu ambaye angeona haya akijua alivyofanya? Je, yuko tayari kumweleza mkutubi aliyemwazimisha? Jibu la swali la tatu ndilo litakalomfundisha zaidi, kwa maana kosa la Columba halikuwa kupenda kitabu. Alikosa alipoficha, akakosa tena alipokataa kusuluhishwa. Tena mwelezeni kwamba mtu yuleyule alitubu, na kalamu iliyoandika kwa siri ndiyo iliyoandika baadaye vitabu vya nchi nzima mchana kweupe. Kitabu kisicho halali na kifutwe, na kile cha halali kiazimwe upya.